Vita ya makamera: Kilimarondo tusikurupuke

Wadau, siku hizi mpiga picha akitokea harusini na DSLR, vijana wa mjini wanamwangalia kama mtu aliyekuja na redio ya mbao. "Bado unatumia kamera yenye kioo?" Kana kwamba kioo ni ugonjwa!

Tuanze na historia kidogo. DSLR ina kioo ndani kinachopeleka taswira kwenye tundu unalochungulia. Mwaka 2008 Panasonic walitoa G1 na kukiondoa kile kioo. Canon na Nikon, wababe wa DSLR, hawakuwa na haraka ya kuua biashara yao wenyewe. Nikon 1 ya mwaka 2011 na EOS M ya Canon ya mwaka 2012 zilikuwa kamera ndogo tu, zisizotishia kaka zao. Sony hakuwa na kikubwa cha kupoteza. Mwaka 2013 akaleta A7, haina kioo na kihisi chake ni kikubwa sawa na filamu ya milimita 35. Wababe wakaamka kikwelikweli mwaka 2018, na EOS R, Z6 na Z7. Mwaka 2020 shirika la habari la AP likatangaza kuhamia Sony.

Kwa nini wanagombana hivyo? Kwa sababu sahani imepungua chakula. Chama cha watengenezaji cha Japani, CIPA, kilihesabu kamera za dijitali zaidi ya milioni 120 zilizotoka viwandani mwaka 2010. Mwaka 2020 hazikufika milioni 9. Simu imekula zilizobaki.

Sasa hoja yangu. Vita hii haiko kwenye kamera, iko pale lenzi inapofungwa. Ukinunua kamera ya kampuni fulani umeshafunga nayo ndoa, maana lenzi ndizo zinazomaliza pesa. Sony walianza kuwagawia watengenezaji wengine vipimo vya mdomo wa kamera zao mwaka 2011. Canon walipoleta mdomo mpya wa RF wakafunga mlango: mwaka 2022 waliwataka Viltrox waache kuuza lenzi zao, na Sigma na Tamron walikuja kuruhusiwa mwaka 2024, tena kwa kamera za kihisi kidogo. Mlango ukifungwa, lenzi za bei nafuu zinabaki nje, na anayeumia ni mlalahoi.

Halafu kuna betri. Kamera isiyo na kioo inawasha kihisi na skrini muda wote unapochungulia. Kwa vipimo vya CIPA, Nikon D850 yenye kioo inapiga picha 1,840 kwa chaji moja. Z7 inapiga 330, na betri zao ni za familia moja! Mpiga picha wa Kilimarondo anayeamkia mnada wa korosho, mchana picha za paspoti, usiku harusi, na umeme ukakatika katikati, atachaji wapi?

Sisemi kamera mpya ni mbaya. Inashika jicho la bibi harusi bila kubahatisha, inapiga kimya msikitini na kanisani, na kwa video inaiacha DSLR mbali. Kama mkate wako ni video za harusi, nenda ukanunue, na betri za akiba juu yake.

Lakini kama kazi yako ni picha za mnato na kamera yako bado inafunga na kufungua, usiiuze kwa bei ya kutupa ili ufanane na watu wa Dar es Salaam. Wenye haraka wanauza lenzi zao za EF, na lenzi hizohizo zinafanya kazi kwenye EOS R kwa adapta. Nunua hizo kwanza. Kamera itafuata siku mteja atakapoilipia, siyo siku Tokyo watakapotangaza.

Mteja hajawahi kuuliza ndani mna kioo. Anauliza, "Picha zimetoka?"

Naomba kutoa hoja.