Mvinyo wa Kipupwe

Leo siasa naiweka pembeni. Nataka kusema jambo moja ambalo najua litawafanya baadhi yenu mseme kijana kaanza kuringa: mvinyo mwekundu mzuri kuliko yote niliyowahi kuonja si mtamu, si mzito, na wala haupandi kichwani haraka. Ni mwepesi, una uchachu, na unatoka sehemu za baridi. Sisi tuliosoma na kuhamia mjini tunaudharau bila sababu ya msingi. Na dharau hiyo inamgharimu mtu. Mtu huyo yuko Dodoma, na ana jembe mkononi.

Hebu tuanze na baa zetu. Iwe Dar, Mwanza au Musoma, mtu akiagiza mvinyo mwekundu, mhudumu humuuliza swali moja tu: mtamu au mkavu? Tisa kati ya kumi watasema mtamu, na yule wa kumi ataonekana anajifanya mzungu. Mkavu kwetu maana yake ni mchungu, mkali, uliokosewa. Ndivyo tulivyojifundisha wenyewe: mvinyo mzuri ni ule unaofanana na soda, halafu unakulewesha.

Sasa baridi inaingiaje hapa? Zabibu ikiwa kwenye mti inafanya kazi mbili kwa pamoja. Jua linaiongezea sukari, na joto linaipunguzia tindikali, hasa ile inayopatikana pia kwenye tufaha bichi. Pakiwa na joto kali, sukari inapanda mbio na uchachu unaungua. Sukari hiyo ndiyo inayogeuka kilevi (gramu 17 hivi katika lita moja hutoa asilimia moja ya kilevi), kwa hiyo mvinyo wa sehemu za joto mara nyingi unakuwa mzito, mweusi na mkali. Pakiwa na baridi, kila kitu kinakwenda taratibu. Zabibu inaiva huku imebakiza uchachu wake, na harufu zake zinapata muda wa kujijenga.

Kuna aina za zabibu nyekundu ambazo hazitaki kabisa maisha mengine. Maarufu kuliko zote ni Pinot Noir ya Burgundy, Ufaransa. Hiyo inapenda msimu ambao wastani wa joto ni kati ya nyuzi 14 na 16 hivi. Ganda lake ni jembamba, kwa hiyo mvinyo wake hauwi mweusi. Ukishika glasi unaweza kuona vidole vyako upande wa pili. Wenyewe walianza kuithamini zamani: mwaka 1395 mtawala wa Burgundy, Philip the Bold, alipiga marufuku zabibu ya Gamay iliyokuwa inazaa sana, ili Pinot Noir isimezwe. Fikiria, mtawala anawaambia wakulima wang'oe mti unaozaa sana wabaki na ule unaozaa kidogo! Siungi mkono ubabe, ila naelewa alichokuwa anakitetea.

Msidhani baridi hiyo iko Ulaya tu. Afrika Kusini, nchi inayojaza rafu za mvinyo za maduka yetu, ina bonde linaitwa Hemel-en-Aarde, karibu na Hermanus, ambako upepo wa bahari ya baridi unapoza mashamba. Tim Hamilton Russell alinunua shamba huko mwaka 1975, na bonde hilo leo linajulikana duniani kwa Pinot Noir. Ni Afrika hii hii. Lakini chupa zinazofika kwetu kwa wingi si hizo. Zinazokuja ni zile za sukari, kwa sababu ndizo tunazoulizia.

Kama bado hunielewi, achana na zabibu, twende kwenye kahawa. Hapa hapa mkoani Mara, kahawa nzuri haitoki kando ya ziwa, inatoka kwenye vilima vya Tarime. Kwa nini? Kwa sababu juu kule kuna ubaridi, buni inaiva polepole, na kahawa yake inakuwa na uchachu mzuri ambao wanunuzi wa nje wanautafuta kwa hela. Kilimanjaro ni hivyo hivyo, Mbozi ni hivyo hivyo. Hakuna anayesema kahawa ya mlimani imeharibika kwa sababu ina uchachu. Tunajua ni ubora, tunausafirisha, tunajisifu. Iweje uchachu ule ule ukiwa kwenye glasi ya mvinyo uitwe kasoro?

Na hapa ndipo ninapowashangaa wenzangu wanaosema ulimi wa Mwafrika haukuumbwa kwa vitu vichachu. Ulimi upi huo? Huku kanda ya ziwa tumekula ugali wa udaga, muhogo uliochachushwa ukaanikwa, tangu kabla hatujazaliwa. Tumekunywa uji mchachu na maziwa mgando. Pombe ya mtama ambayo wazee wa Mara wameinywa vizazi kwa vizazi ina uchachu unaokaza mashavu. Ukwaju, ubuyu, embe bichi na chumvi, hivyo vyote tumekua navyo. Ulimi wetu ulikuwa na elimu yake. Sukari ndiyo mgeni, kaja na chupa za soda, na sasa kakaa kwenye kiti cha mwenye nyumba.

Wengi wataniuliza, sasa huo mvinyo wenyewe ukoje? Nitajaribu kuueleza kwa vitu vya kwetu, maana vitabu vya wenzetu vinataja matunda ambayo wengi hatujawahi kuyaona. Kwanza unapata harufu ya tunda jekundu ambalo halijaiva sana, kama plamu za Lushoto zile za mwanzo wa msimu. Kisha kuna harufu ya udongo baada ya mvua ya kwanza. Ukimeza, unakuta uchachu unaofanya mate yatoke, na ukakasi kidogo kama wa zambarau, lakini haung'ang'anii ulimi. Na ukipata uliotengenezwa kwa zabibu ya Syrah kutoka sehemu za baridi, utasikia pilipili manga. Si ushairi huo. Mwaka 2008 watafiti wa Australia walichapisha matokeo yanayoonyesha kwamba harufu hiyo inatokana na kitu kinachoitwa rotundoni, ambacho kimo pia ndani ya pilipili manga yenyewe. Kinakuwa kingi zaidi zabibu ikilimwa kwenye ubaridi.

Majuzi hapa nyumbani nilifungua chupa moja ya aina hiyo, tukiwa na sato wa kuchoma na nyama ya mbuzi. Baba mdogo akaonja, akaikunja sura.

"Hii mwanangu imechacha."

"Kula kwanza nyama, baba mdogo, halafu uonje tena."

Akala, akaonja, akanyamaza kidogo. "Mh. Inaita nyama."

Wadau, mimi nimesoma maelezo mengi ya wataalamu wa mvinyo lakini sijaona mengi yanayozidi hayo maneno matatu. Mvinyo mtamu unafunga tumbo, unakaa kama mfalme, hautaki chakula kiongee. Mvinyo wenye uchachu unasafisha mafuta mdomoni na kukurudisha kwenye sahani. Na ile sheria kwamba samaki haliwi na mvinyo mwekundu? Kwa mvinyo mzito, sawa. Kwa mwepesi kama huu, sato wa kuchoma na limao hana ugomvi nao hata kidogo.

Ila lazima niseme jambo moja la matumizi. Tumeambiwa mvinyo mwekundu unywewe kwenye joto la chumba. Chumba cha nani? Kanuni hiyo ilitungwa na watu wenye nyumba za mawe za Ulaya, zenye nyuzi 16 hadi 18. Chumba cha Nyamuswa saa tisa alasiri ni habari nyingine kabisa! Ukinywa mvinyo mwekundu kwenye joto hilo utasikia kilevi tu kinakuchoma pua. Weka chupa kwenye friji nusu saa, kama huna friji iweke kwenye ndoo ya maji ya baridi yenye kitambaa kilicholowa. Utakutana na kinywaji tofauti.

Sasa turudi kwa yule mtu mwenye jembe. Zabibu za Dodoma zilianza na wamisionari wa Kikatoliki waliotaka divai ya misa. Enzi za ujamaa serikali ikawa na kampuni yake ya mvinyo, DOWICO, ambayo baadaye ilikufa. Kituo cha utafiti cha Makutupora kimebaki, na jina lake limepewa zabibu nyekundu inayolimwa sana huko. Wakulima wapo, viwanda vya watu binafsi vipo, na sheria ya ushuru imekuwa ikitoza kidogo mvinyo wenye zaidi ya asilimia 75 ya zabibu za ndani. Na bado mara kwa mara tunasikia kilio kile kile: zabibu zimeiva, mnunuzi hayupo, bei imeanguka. Zabibu si mahindi, huwezi kuziweka ghalani ukasubiri bei ipande. Wiki chache tu zinaoza.

Dodoma inavuna mara mbili kwa mwaka, kwa sababu hakuna majira ya barafu ya kuulaza mzabibu, mkulima ndiye anayeuamsha kwa kukata matawi. Mavuno ya kwanza huwa Februari na Machi hivi, ya pili Agosti na Septemba. Hebu tafakari hayo ya pili. Zabibu hizo zinaiva Juni, Julai na Agosti, katika kipupwe! Dodoma iko mita zaidi ya 1,100 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Julai joto linashuka hadi nyuzi 13 au 14. Aliyewahi kulala Dodoma mwezi huo bila blanketi anajua ninachosema. Mchana kuna jua, sikatai. Lakini usiku wa baridi unalinda uchachu, na mvua hakuna ya kuozesha vichala.

Kwa maneno mengine, tunayo baridi yetu wenyewe, ila inakuja kwa majira badala ya kuja kwa ramani. Swali langu kwa wenye viwanda ni dogo: kwa nini chupa za mavuno hayo mawili zinauzwa kama kitu kimoja? Kwa nini tusiwe na mvinyo wa kipupwe, ulioandikwa hivyo kwenye lebo, uliovunwa mapema kidogo kabla sukari haijapanda sana, usioongezwa sukari, mwepesi, unaonywewa ukiwa umepozwa?

Najua jibu litakalokuja. Watasema Dodoma si Burgundy, na Makutupora si Pinot Noir. Kweli kabisa, na sitaki ziwe. Kuiga ni kupoteza muda. Ninachotaka tujifunze kutoka kwa mvinyo wa baridi ni adabu yake: kuacha tunda liseme, badala ya kulifunika na sukari. Watasema pia soko linataka mtamu. Soko ni nani kama si mimi na wewe? Mwalimu, jirani yetu wa Butiama, alisimamia uamuzi wa mwaka 1973 wa kuhamishia makao makuu Dodoma. Serikali yenyewe ilianza kuhamia kwa kasi kuanzia 2016. Leo mji umejaa wafanyakazi wa serikali, wageni, semina na mikutano, na mashamba ya zabibu yako mlangoni. Lakini nenda kwenye hafla uone chupa inayowekwa meza kuu imetoka wapi.

Na kuna sababu ya kufanya haraka. Huko kwenye baridi yenyewe, baridi inaondoka. Mji wa Beaune, Burgundy, una kumbukumbu za tarehe za mavuno tangu mwaka 1354. Watafiti waliozichambua walichapisha mwaka 2019 kwamba tangu 1988 mavuno yamekuwa yakifanyika wastani wa siku 13 mapema kuliko zamani. Taittinger, wenye Champagne, walinunua ardhi Kent, Uingereza, mwaka 2015. Wenye majina makubwa wanaikimbilia baridi popote ilipo. Sisi tunayo miezi mitatu kila mwaka na hatujaipa hata jina kwenye chupa.

Sisemi kila mtu anywe. Asiyekunywa aendelee kutokunywa, na aliye chini ya miaka 18 hili halimhusu. Nawasemea wale ambao tayari wanaagiza, na wanaagiza kwa mazoea. Ukiulizwa tena mtamu au mkavu, uliza na wewe: wa Dodoma upo? Mkavu wake upo? Umepozwa? Mhudumu akiulizwa mara kumi atamuuliza meneja, meneja atamuuliza msambazaji, na siku moja swali litafika kiwandani, na kutoka kiwandani litafika shambani likiwa na bei mkononi.