Ruzuku ya Vitalu Nyumba na Mpaka wa Mwanga

Tangu mwishoni mwa mwaka 2009, Wizara ya Kilimo ya Marekani, kupitia idara yake ya uhifadhi wa maliasili, imekuwa ikiwalipia wakulima sehemu ya gharama za kujenga vitalu nyumba visivyopashwa joto, yaani mabanda marefu ya matao ya chuma yaliyofunikwa kwa nailoni angavu, yanayosimikwa juu ya udongo wa shamba lenyewe bila tanuri wala mtambo wowote wa kupasha hewa. Mpango huo ulianza kama jaribio la miaka mitatu, kisha ukaingizwa katika ruzuku za kawaida za uhifadhi, na mkulima anayeanza, au anayetoka katika makundi yaliyosahauliwa na serikali zilizopita, anaweza kufidiwa hadi asilimia 90 ya gharama zinazokadiriwa. Hoja kuu ya watetezi wake ni kurefusha msimu wa kilimo, na kielelezo wanachokipenda ni letusi, lile jani ambalo masoko mengi huliita saladi tu, likivunwa Januari huku theluji imefunika mashamba ya nje. Kwamba jambo hilo linawezekana halina ubishi; kinachostahili kupimwa ni iwapo umma unaolipia mabanda hayo unaelewa unanunua nini.

Ushahidi unaojulikana zaidi umetoka katika shamba dogo la Eliot Coleman huko Harborside, katika jimbo la Maine, karibu na latitudo ya nyuzi 44 kaskazini, ambako baridi ya usiku hushuka mbali chini ya kiwango cha maji kuganda. Coleman, aliyeeleza utaratibu wake katika vitabu kadhaa, kikiwamo kile cha mwaka 2009 kuhusu mavuno ya majira ya baridi, alijifunza mengi kutoka kwa wakulima wa bustani wa Paris wa karne ya 19, waliofunika miche kwa kengele za kioo na kuipasha joto kwa samadi mbichi ya farasi waliojaa jijini humo. Yeye aliondoa samadi hiyo ya kupasha joto, akabakiza mifuniko: banda la nailoni kwa nje, na ndani yake kitambaa chepesi kilichotandazwa juu ya vyuma vifupi, kiasi cha sentimita 30 kutoka ardhini. Kwa makadirio yake, kila tabaka la kifuniko huipatia mimea hali inayofanana na ya mahali palipo takriban kilomita 800 kusini zaidi.

Tabaka la pili lina sababu ya kifizikia ambayo aghalabu hupuuzwa. Nailoni ya kawaida huruhusu mwanga wa jua kuingia mchana, lakini pia huruhusu joto linalotolewa na udongo kwa njia ya mnururisho, yaani mawimbi yasiyoonekana, litoroke usiku. Kwa hiyo katika usiku mtulivu usio na mawingu, hewa iliyo chini ya tabaka moja inaweza kuwa baridi karibu sawa na ya nje. Kitambaa cha ndani hulizuia joto hilo karibu na majani, na umande unaoganda juu yake huongeza kinga. Mmea nao hujihami: ukizoeshwa baridi hatua kwa hatua, hukusanya sukari ndani ya seli zake, na barafu huelekea kujitunga kati ya seli bila kuzipasua. Ndiyo maana mvunaji hatakiwi kugusa jani lililoganda mpaka jua liliyeyushe. Hata hivyo letusi si shujaa wa baridi kama picha za magazeti zinavyodokeza. Majani yake machanga huvumilia zaidi kuliko kichwa kilichokwisha kufunga, na spinachi huishinda kwa mbali, jambo linalofanya uteuzi wa letusi kuwa bendera ya mpango huu uonekane umefuata ladha ya mnunuzi kuliko tabia ya mmea.

Baridi, hata hivyo, ndiyo sehemu rahisi ya tatizo. Kikwazo ambacho nailoni haiwezi kukiondoa, na kwa kweli hukizidisha kidogo kwa kuwa kila tabaka hupunguza nuru, ni urefu wa mchana. Msomaji anayeishi karibu na Ikweta, ambako mchana hukaribia saa 12 mwaka mzima na kitalu nyumba hujengwa hasa kuzuia mvua, wadudu na magonjwa, hana budi kufikiria mahali ambapo mchana wa mwishoni mwa Desemba haufiki saa 9. Mchana ukishuka chini ya saa 10, ukuaji wa mimea mingi ya majani hupungua hadi karibu kusimama, kwa sababu usanisinuru, yaani mmea kujitengenezea chakula kwa mwanga, hautoshi kuupa akiba ya kujijenga. Coleman alikiita kipindi hicho siku za Persephone, kwa jina la binti wa hadithi za Wagiriki aliyetekwa kuzimu na kumfanya mamaye, mungu wa mazao, aisusie ardhi. Katika latitudo ya Maine kipindi hicho huanza mapema Novemba na kuishia mapema Februari.

Kutokana na hilo, letusi inayovunwa Januari haikukua Januari. Ilipandwa Septemba, ikafikia kimo chake kabla ya Novemba, kisha ikahifadhiwa ikiwa hai, kama nafaka iliyo ghalani. Kuchelewa kwa siku chache Septemba huzaa tofauti ya wiki nyingi katikati ya majira ya baridi.

Hapo ndipo hoja nyingine ya watetezi, ile ya usalama wa chakula, inapohitaji kuchunguzwa. Majani mengi ya saladi yanayoliwa Marekani wakati wa baridi hutoka eneo la Yuma, Arizona, lililo zaidi ya kilomita 4,000 kwa barabara kutoka miji ya kaskazini-mashariki, na linalotegemea Mto Colorado, ambao upungufu wake wa maji ulitangazwa rasmi kwa mara ya kwanza mwaka 2021. Watetezi wa ruzuku wanasema, na hawakosei, kwamba kutegemea eneo moja ni hatari. Lakini tukio la tarehe 20 Novemba 2018 linafundisha zaidi ya wanavyokusudia. Siku hiyo mamlaka za afya za nchi hiyo ziliwaonya wananchi wasile kabisa letusi aina ya romaine, ya chanzo chochote, kwa sababu ya maambukizi ya bakteria wa E. coli. Mkulima wa kaskazini aliyekwisha kupanda letusi za aina nyingine Septemba alikuwa na bidhaa. Yule aliyesikia habari ndipo akapanda asingeweza kutarajia mavuno ya maana kabla ya nuru kurejea. Kwa hiyo vitalu hivi ni akiba, na kiasi cha akiba huamuliwa kabla dharura haijajulikana.

Kwa upande wa mazingira, kukosekana kwa tanuri kuna uzito mkubwa, kwa maana utafiti uliofanyika Uingereza umeonyesha kwamba letusi ya baridi iliyolimwa humo ndani ya vitalu vilivyopashwa joto huweza kuchafua hewa kuliko iliyosafirishwa kutoka Hispania. Ila nailoni yenyewe huhitaji kubadilishwa kila baada ya miaka michache, na udongo usionyeshewa hulimbikiza chumvi. Nuru hafifu pia huifanya letusi ilimbikize naitreti, ambazo ni chumvi za nitrojeni mmea unazoshindwa kuzitumia kwa wakati. Umoja wa Ulaya, ukitambua hali hiyo, huruhusu hadi miligramu 5,000 kwa kilo katika letusi ya ndani ya vitalu iliyovunwa kati ya Oktoba na Machi, dhidi ya 4,000 wakati wa kiangazi. Anayeisifu letusi hiyo kuwa safi kupita zote angepaswa kuitaja takwimu hii pia.

Ugumu mkubwa zaidi uko katika hesabu za mkulima. Zao linalotawala vitalu hivyo nchini Marekani ni nyanya, nazo Septemba bado zinazaa na kuuzika vizuri. Kupanda letusi kwa wakati kunamaanisha kung'oa mmea unaoingiza fedha leo kwa ajili ya majani ya Desemba, na wengi, kwa busara kabisa, hawafanyi hivyo. Coleman alilikwepa tatizo hilo kwa mabanda yanayosogezwa: letusi hupandwa wazi nje, na banda huvutwa juu yake baada ya nyanya kwisha. Ikiwa serikali inatoa ruzuku kwa ajili ya mboga za majira ya baridi, basi inapaswa kugharimia uwezo huo wa kusogeza, vitambaa vya ndani, na maofisa ugani wanaoweza kumwambia mkulima wa kila latitudo tarehe yake ya mwisho ya kupanda. Na ikiwa inaridhika na nyanya zinazowahi kuiva, ingefaa iseme hivyo katika nyaraka zake.