Kabla ya Bunduki, Darubini

Juzi jioni kijana wa hapa Changarawe alinikuta barazani, akanionyesha picha kwenye simu. "Shikamoo mzee. Darubini hii inavuta mara ishirini na bei yake nafuu. Niichukue?" Anajiandaa kuomba kibali cha kuwinda. Nilimwambia aiache.

Nilifuata nyayo kwa miaka 19 kwenye vitalu vya uwindaji vya Selous, na najua darubini inavyodanganya. Kati ya namba mbili zilizoandikwa juu yake, ya kwanza ni ukuzaji, ya pili ni kipenyo cha kioo cha mbele kwa milimita. Gawanya ya pili kwa ya kwanza. 8x42 inapitisha mwali wa zaidi ya milimita 5 hadi jichoni; 20x50 inapitisha milimita 2.5 tu. Alfajiri ndani ya miombo, tofauti hiyo ndiyo kuona na kutoona. Tena kinachomkuza mnyama hukuza na mtetemo wa mkono.

Asubuhi moja mgeni wetu alikuwa ameshamlenga kongoni kando ya kichuguu. Kwa swala pala kazi ni rahisi: mwenye pembe ni dume. Kongoni na pofu wana pembe wote, dume na jike. Niliegemeza darubini juu ya mianzi mitatu tuliyoifunga kwa mpira wa baiskeli, nikatulia, nikapekua majani miguuni pake. Sikio dogo likacheza. Ndama! Nilimgusa bega mwindaji bingwa aliyemwongoza mgeni, na bunduki ikashushwa.

Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inamlinda jike mwenye mimba na mwenye ndama. Atailindaje mtu asiyeona anachokilenga? Ndiyo maana nasema wanaotoa vibali, kama wanavyoiulizia bunduki, waiulizie na darubini.

Stendi ya darubini nayo isidharauliwe. Chagua inayofika machoni bila kuinua nguzo ya kati, maana nguzo hiyo huyumba, na inayoshuka hadi utazame ukiwa umekaa chini. Upepo ukivuma, ning'iniza mfuko wa mchanga katikati. Asiye na fedha akate mianzi, ilitutosha sisi.

Na kabla ya kulipa, toka nayo mlangoni pa duka jua likizama, utazame waya wa umeme wa mbali. Ukiona nyaya mbili mahali penye mmoja, irudishe: vioo vyake vimepishana, na kichwa kitakuuma kabla ya saa sita.

Kijana amekubali kudunduliza apate 8x42. Kwa sasa nimemwazima yangu aende nayo Mikumi, kwenye barabara yetu hii ya Iringa, hifadhi ya taifa tangu 1964, mahali pa kutazama bila kuua. Siku atakaponionyesha pofu jike kwa wembamba wa pembe zake, mimi mwenyewe nitamsindikiza kuomba kibali.