Alama za vidole pekee hazitawalinda wanafunzi

Mhitimu wa chuo cha ualimu anayetaka kusajiliwa na Tume ya Kuwaajiri Walimu (TSC) hana budi kwanza kuchukuliwa alama za vidole vyake vyote kumi. Alama hizo hupelekwa katika Idara ya Upelelezi wa Jinai (DCI), zikalinganishwa na za watu waliowahi kuhukumiwa, naye asipopatikana na doa hupewa cheti cha mwenendo mwema. Dereva wa matatu hupitia njia iyo hiyo, na bawabu kadhalika.

Sina ugomvi na utaratibu huu. Mzazi anayempeleka mwanawe katika shule ya bweni ana haki ya kujua amemkabidhi nani. Ninalolipinga ni imani kubwa mno tunayoiweka katika karatasi hiyo.

Nchi hii inaijua vyema karatasi ya namna hiyo. Sheria iliyopitishwa mwaka wa 1915, na kuanza kutekelezwa baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, ilimlazimisha mwanamume Mwafrika kuanzia umri wa miaka 16 kubeba kipande chenye alama za vidole vyake na maelezo ya kazi alizofanya, mara nyingi kikining'inia shingoni ndani ya kijaluba cha chuma. (Serikali ilipotaka watu wa rangi zote wachukuliwe alama katika miaka ya 1940, walowezi wa Kizungu walikuja juu.) Sisemi kwamba cheti cha leo ni kipande. Lakini kipande hakikueleza tabia ya mtu. Kilieleza yale ambayo wakubwa walikuwa wameyaandika. Cheti nacho hakijui ila yaliyoandikwa mahakamani.

Na mangapi hayaandikwi! Mwalimu humharibu mwanafunzi, wazee wakaketi, mbuzi na fedha zikatolewa, msichana akahamishwa shule, na mwalimu akaomba uhamisho kwenda wilaya ya mbali. Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 imeweka kifungo kisichopungua miaka 10 kwa mwalimu anayetumia wadhifa wake kumshawishi mwanafunzi kimapenzi. Hata hivyo, kesi iliyomalizwa chini ya mwembe haina kifungo wala haina alama ya kidole. Mtu huyo akiomba cheti, atapewa kilicho safi kuliko cha kijana aliyewahi kutozwa faini kwa kuchuuza njugu bila leseni.

Kijana huyo naye anastahili kutetewa. Kwa miaka mingi ada ya cheti imekuwa shilingi 1,000, fedha anazodaiwa mtu ambaye bado hajaonja mshahara. Kwa nini kosa la uchuuzi limfungie mlango wa kazi ya ubawabu? Yafaa DCI itenganishe makosa madogo ya zamani na yale yanayohusu usalama wa watoto, na ada ilipwe na mwajiri baada ya kuamua kumchukua mtu.

Kwa upande wa shule, kazi kubwa haiko katika makao makuu ya upelelezi. Waraka wa TSC nambari 3 wa 2010 unamtaka mwalimu anayejua kisa cha dhuluma ya kingono akiripoti, na anayekificha huweza kuadhibiwa. Waraka huo usomwe katika kila chumba cha walimu. Mwalimu mkuu anayempokea mwalimu mgeni amwandikie yule wa shule ya awali, aulize waziwazi kwa nini ameondoka, na jibu lihifadhiwe katika faili. Bodi za shule nazo zifanye vivyo hivyo kwa wapishi, madereva wa basi na walinzi wa bweni, ambao hawamo katika sajili ya TSC na ambao mara nyingi huajiriwa kwa kujuana tu.

Nanyi wanafunzi, mna haki ya kuambiwa siku ya kwanza ya muhula ni mwalimu gani mtamwendea mkidhulumiwa, na ni nani nje ya shule mtakayemwendea iwapo mwalimu huyo ndiye mkosaji.