Viti Viwili Vinatosha
Anayeishi katikati ya Roma au Paris hahitaji gari kubwa. Anahitaji mahali pa kuliegesha. Nicolas Hayek, bosi wa saa za Swatch, aliliona hilo mapema, akashirikiana na watengenezaji wa Mercedes-Benz hadi Smart ya viti viwili ikaingia sokoni mwaka 1998, ikiundwa Hambach, Ufaransa. Urefu wake ulikuwa mita 2.5 tu, hivyo Warumi wakazoea kuichomeka kati ya magari mawili, pua ikitazama ukingo wa njia ya miguu na mkia ukichomoza kidogo tu kupita ubavu wa majirani zake. Injini ya silinda tatu iko nyuma, chini ya sakafu ya buti. Kasoro zipo: buti hujazwa na mifuko michache ya sokoni, tairi la akiba halimo, na gia za matoleo ya kwanza zilibadilika kwa kusitasita. Lakini tazama foleni yoyote ya asubuhi: gari la viti vitano, ndani dereva peke yake. Tunachoma mafuta kusafirisha viti vitupu. Inasikitisha basi kwamba uzalishaji wa Smart ya viti viwili ulikoma mwaka 2024, huku watengenezaji wakikimbilia magari makubwa. Paris imeonyesha njia: tangu Oktoba 2024, wageni wenye magari mazito hulipa mara tatu kuegesha barabarani. Miji mingine iige. Nanyi wanunuzi, kabla ya kutoa fedha, hesabuni kwanza watu mnaowabeba kila siku.