Mama na Kiti cha Mbele



Kila likizo inapokaribia hutufikia swali lile lile: familia itembee wapi kwa siku moja, bila gharama kubwa, bila kupitwa na sala, na kila mtu arudi nyumbani akiwa na furaha? Juma hili tutajibu kwa kusimulia siku yetu moja kisiwani Unguja, tulipoifuata kwa gari pwani ya kusini ya kisiwa hicho tangu asubuhi hadi magharibi. Tutaitaja njia na saa zake, ili anayetaka kuifuata aifuate. Tutalitaja pia kosa tulilolifanya njiani, kwa sababu tunashuku kwamba si sisi peke yetu tulifanyao.

Tulikwenda Unguja kwa harusi ya jamaa. Tulitoka Mombasa, tukavuka mpaka Lunga Lunga, tukashika njia ya Tanga hadi Dar es Salaam, na huko tukapanda boti. Harusi ilipokwisha tulibakiwa na siku moja tupu kabla ya kurejea. Tulikuwa watu wanane: mama yetu, sisi wanawe watatu, wifi yetu na watoto watatu. Tukakodi gari pamoja na dereva wake, kijana wa Kiunguja mwenye adabu na subira. Kaka yetu mkubwa akakaa kiti cha mbele, kwa hoja kwamba yeye ndiye mpiga picha. Mama akakaa nyuma kabisa, kando ya kapu la chakula, kwa hoja kwamba yeye ndiye ajuaye kilichomo. Hakuna aliyeliona jambo hilo kuwa geni. Yeye mwenyewe alikuwa ameamka saa tisa za usiku kukaanga mahamri na sambusa, na sisi tuliamkia harufu yake.

Tuliondoka mjini saa moja na nusu asubuhi tukielekea mashariki. Baada ya nyumba za mji kupungua, barabara hupita kati ya miembe mikubwa iliyozeeka, ambayo wenyeji husimulia kwamba ilipandwa kwa amri ya Bi Khole, binti wa Sayyid Said bin Sultan. Jua la asubuhi lilikuwa likipenya baina ya majani na kuangukia lami vipande vipande. Watoto walinyamaza wenyewe, bila kukatazwa.

Kituo chetu cha kwanza kilikuwa msitu wa Jozani, kilomita zipatazo 35 kutoka mjini. Msitu huu, pamoja na ghuba ya Chwaka, ulifanywa hifadhi ya taifa mwaka 2004. Humo wanaishi kima punju, ambao makao yao ya asili ni Unguja na visiwa vidogo vilivyo karibu nayo. Wana mgongo mwekundu, nywele nyeupe zilizosimama kuzunguka uso, na mikono isiyo na kidole gumba kama chetu. Mwenyeji aliyetutembeza alitueleza kwamba kima hawa hula mkaa wanaouokota majumbani na mashambani, kwa kuwa mkaa hupunguza sumu iliyomo katika majani wayalayo. Watoto walicheka, kisha wakauliza maswali mpaka mwenyeji wetu akacheka yeye. Upande wa pili wa barabara kuna daraja la mbao lipitalo ndani ya mikoko, ambapo mtu huweza kuona mizizi ikipumua juu ya tope.

Mama hakuyaona haya. Tulipofika alisema, "Nendeni nyinyi, mimi nitaangalia vitu." Nasi tukaenda. Ukweli ni kwamba tulikubali upesi mno.

Kutoka Jozani njia huendelea hadi Paje, kwenye pwani ya mashariki. Tulifika kiasi cha saa nne na nusu, na bahari haikuwapo. Mwezi ulikuwa umeandama siku mbili tu nyuma, yaani tulikuwa katika bamvua, na wakati wa bamvua maji ya pwani zetu hupwa sana saa kama hizo za asubuhi. Pwani hii ina mwamba mrefu mbali na ufuo. Maji yakipwa, eneo lote lililo baina ya mchanga na mwamba hubaki wazi, na mtu huweza kutembea mbali sana akiwa na maji ya kifundoni. Mchanga wake ni mweupe kama unga, na vidimbwi vilivyobakia vina rangi ya kijani isiyotajika kwa urahisi. Katikati ya weupe huo tuliona wanawake wengi waliojifunga kanga, wameinama kila mmoja kwenye mistari yake ya vijiti.

Walikuwa wakulima wa mwani. Kilimo hiki kilianza Unguja kama biashara mwishoni mwa miaka ya 1980, na tangu hapo kimekuwa kazi ya wanawake zaidi kuliko wanaume. Mkulima hupigilia vijiti mchangani, hufunga kamba baina yake, na juu ya kamba hufunga vipande vya mwani kimoja kimoja. Baada ya wiki sita hivi huvuna, huuanika juani, na kuuza kwa wanunuzi wanaousafirisha nje. Huko hutolewa kitu cha kugandisha kinachotiwa katika dawa za meno, aiskrimu na vyakula vingine vingi.

Watoto walikimbilia vidimbwini na sisi tukawafuata. Mama alitandika mkeka chini ya mvinje, akafungua kapu, akaanza kumimina chai. Tuliporudi kunywa tulimkuta na mgeni. Mama mmoja mtu mzima, aliyekuwa akipita na gunia la mwani kichwani, alikuwa ametua mzigo wake na kukaribishwa chai. Walikuwa tayari wakizungumza kama watu waliojuana miaka. Mgeni alisema kwamba kwa pesa za mwani amesomesha watoto wake na kujenga nyumba. Alisema pia kwamba aina ya mwani yenye bei nzuri siku hizi hufa, kwa sababu maji ya karibu na ufuo yamekuwa moto. Ili kuipanda yambidi mtu aende maji ya kina, na wanawake wengi hawajui kuogelea.

Kisha akamgeukia mama. "Na wewe, mwenzangu, bahari yetu umeiona?"

"Nimeiona," mama akajibu. "Si ile pale?"

"Kuitazama kutoka mkekani si kuiona. Lini mara ya mwisho ulitia miguu majini?"

Mama alifikiri kidogo. Halafu akamwonyesha kaka yetu mkubwa kwa kidole, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Tangu kabla sijamzaa huyu."

Kaka yetu ana miaka arobaini na mitatu. Nyumba yetu iko Mji wa Kale, Mombasa, na kutoka mlangoni hadi baharini ni mwendo wa dakika chache. Tumekwenda ufuoni na mama mara nyingi tusizoweza kuzihesabu: sikukuu, likizo, Jumapili za kawaida. Kila mara alikuwa juu ya mkeka akiangalia viatu vyetu na kutugawia chakula. Hatukumkataza kuingia majini. Hatukumuuliza tu. Naye hakulalamika, nasi tukauchukua ukimya wake kuwa ndiyo ridhaa yake.

Mama wa mwani hakungoja tumalize aibu yetu. Alimshika mwenzake mkono, wakaondoka pamoja polepole, mama ameinua buibui lake kidogo. Walipofika kwenye maji alisimama muda mrefu bila kusema neno. Baadaye tulimwona akiinama, akichota maji kwa kiganja na kuyaacha yateremke. Wifi yetu alikuwa wa kwanza kuzinduka. Alikusanya vikombe, akaviosha, akafunga kapu. Hakuna aliyepiga picha.

Wakati wa kuondoka ulipofika, kaka yetu alifungua mlango wa mbele na kumwita mama. Mama alikataa, akataja kapu, akataja watoto, akataja miguu mirefu ya kaka. Hoja zake zote zikajibiwa. Kidaraja cha gari kilikuwa juu, kaka akainama, mama akashika bega lake akapanda. Hapo tulikumbuka jambo tulilolisoma madrasa tukiwa wadogo, lililopokewa na Bukhari kutoka kwa Anas (r.a.): kwamba katika safari ya kurudi Khaybar, Mtume (s.a.w.) aliketi kando ya ngamia wake na kuuweka goti lake, na Bibi Safiyya (r.a.) akaweka mguu juu ya goti hilo apate kupanda. Tulikuwa tukilijua kwa ulimi. Hatukuwa tumelipeleka mpaka kwenye mlango wa gari.

Kutoka Paje barabara huelekea kusini, bahari ikiwa mkono wa kushoto, ikipita Jambiani. Ni mji mrefu uliojinyoosha kando ya ufuo. Nyumba nyingi ni za mawe ya matumbawe, nyua zake zimeanikwa mwani, na ngalawa zimelala upande mchangani zikingoja maji. Safari sasa ilikuwa nyingine. Mama alimwuliza dereva jina la kila kijiji. Alitaka tusimame, tukasimama. Alinunua dafu kwa kijana mmoja na kusisitiza kila mtu anywe. Tulipofika Makunduchi dereva alitueleza juu ya Mwaka Kogwa, sherehe ifanywayo kila mwezi wa Julai, ambapo wanaume hupigana kwa mabua ya migomba ili kumaliza chuki za mwaka unaokwisha. Mama alimsikiliza, kisha akasimulia habari za Siku ya Mwaka aliyoisikia kwa nyanya yake Mombasa. Sisi wanawe hatukuwa tumewahi kuisikia kutoka kwake. Pengine ni kwa sababu viti vya nyuma havisikiki mbele.

Saa saba na nusu tulifika Kizimkazi Dimbani. Msikiti wake kwa nje ni jengo dogo la kawaida, lenye paa la mabati, na mpita njia asiyeambiwa angeupita. Ndani, kwenye ukuta wa kibla, kuna maandishi ya Kikufi yaliyochongwa katika jiwe, na tarehe yake ni mwaka 500 wa Hijra, sawa na 1107. Jengo lenyewe lilijengwa upya karne nyingi baadaye, lakini maandishi yale yamebaki, na watu bado wanasali hapo. Tuliomba ruhusa kwa mwangalizi, naye akatukaribisha kwa heshima. Kwa kuwa tulikuwa wasafiri, wala hatukunuia kukaa kisiwani siku nne kamili, tulisali Adhuhuri na Alasiri kwa kukusanya na kupunguza, kama ilivyo ruhusa katika madhehebu yetu ya Shafi. Baada ya sala mama aliyatazama maandishi kwa muda, akasema, "Waliochonga haya hatuwajui hata majina, na twasali waliposali wao." Kisha akawaombea.

Tulikula chakula kilichobaki kando ya ufuo wa Kizimkazi. Safari hii wanaume ndio waliogawa, na mama alipewa sahani yake kwanza. Maji yalikuwa yameanza kujaa, na mitumbwi iliyokuwa imelala ikaanza kuinuka mmoja mmoja. Tulirejea mjini kwa njia ya Kitogani, tukafika kabla ya adhana ya Magharibi. Njiani watoto walilala, na sisi pia tukalala. Dereva alitwambia baadaye kwamba mama hakufumba jicho hata mara moja.

Wasomaji wetu, njia hii haimalizi siku wala haihitaji mali nyingi, na mwenye kupata nafasi tunamshauri aifuate. Achague siku za bamvua, aanze mapema, na mwendo usiwe wa haraka, kwa kuwa barabara hizi hupita vijijini penye watoto na ng'ombe. Asiyeweza kufika Unguja anayo pwani yake hapa Kenya: kusini mwa Kwale, huko Kibuyuni, wako pia kina mama wanaolima mwani, na bahari ni ile ile.

Lakini kabla ya kukodi gari, tunawaomba mkae chini na kuulizana mambo manne. Chakula kitapikwa na nani, na je, hakiwezi kupikwa na wengi usiku, au kununuliwa njiani? Vitu vitaangaliwa kwa zamu gani? Mama, au bibi, au shangazi mnayesafiri naye, yeye mwenyewe anatamani kufika wapi? Na kiti cha mbele ni cha nani? Maswali haya hayachukui hata dakika kumi. Sisi tuliyachelewesha kwa miaka arobaini na mitatu, na lau si mgeni mmoja aliyetua mzigo wake kunywa chai, huenda tungeyachelewesha mpaka asiwepo wa kuulizwa.

Mwenyezi Mungu awape afya mama zetu walio hai, na awarehemu waliotangulia, na atujaalie tuwe wepesi kuwaona kabla hawajalazimika kusema. Amin. Tukutane juma lijalo, inshallah.