NYUMBANI KWETU: Milango Mingi, Sinema Ile Ile

Juma hili tuliache jiko kidogo tuingie sebuleni, kwani fedha za nyumba siku hizi hazivujii sokoni peke yake. Zavujia pia kwenye kioo cha televisheni na cha simu.

Jambo lenyewe limeanzia Marekani, na huko ndiko manung'uniko yalikozidi. Kampuni ya Netflix, iliyoundwa mwaka 1997 na kuanza kazi kwa kupeleka diski za filamu majumbani kwa posta, ilianza mwaka 2007 kuonyesha filamu kwa njia ya intaneti. Mtu alilipa ada moja kila mwezi, akatazama apendavyo, wala hakukatizwa na matangazo ya biashara. Wengi waliiacha televisheni ya waya, iliyokuwa ikiwatoza fedha nyingi kwa stesheni wasizozitazama, wakadhani wamekombolewa.

Basi wenye filamu walipoona faida yaenda kwa mwenye duka, kila mmoja alifungua duka lake. Novemba 2019 walianza Apple na Disney. Mwaka 2020 zikafuata HBO Max na Peacock. Mwaka 2021 ikaja Paramount+. Kila mwenye mali akaiondoa mali yake katika rafu ya jirani. Mchezo wa Friends ukahama Netflix kwenda HBO Max, na ule wa The Office ukahamia Peacock Januari 2021. Aliyeitazama yote miwili kwa ada moja ikambidi alipe ada mbili zaidi. Wachezaji ni wale wale na vichekesho ni vile vile. Kilichoongezeka ni milango, na penye kila mlango ameketi mtoza ushuru.

Ushuru wenyewe haukutulia. Disney+ ilianza kwa dola 6.99 kwa mwezi. Ilipofika Oktoba 2025, kuitazama bila matangazo kuligharimu dola 18.99. Mei 2023 Netflix ilianza kuwadai Wamarekani dola 7.99 kwa kila mtu wa nje ya nyumba wanayemshirikisha akaunti yao. Januari 2024 Amazon ikaingiza matangazo katika filamu za watu waliokwisha kulipa, na asiyeyataka aongeze dola 2.99. Kumlipisha mteja mara ya pili ili usimsumbue ni ufidhuli, na ukurasa huu hauoni jina jingine la kufaa. Tena mteja hanunui kitu; amepanga tu. Mfululizo wa Willow ulitoka Disney+ Novemba 2022, na Mei 2023 kampuni iyo hiyo ikauondoa pamoja na kazi nyingine nyingi.

Netflix ilifika Uganda Januari 2016. Sisi tulikuwa na vibanda vyetu vya video, ambamo vijei huifasiri filamu kwa Kiganda kwa sauti yake mwenyewe, na mara nyingine huipita filamu kwa utamu. Mtu alilipa mlangoni, akatazama, akaenda zake. Hakuna aliyemfuata nyumbani mwezi uliofuata. Atazamaye kwa intaneti hulipa ada, kisha hununua bando, na picha safi yaweza kumaliza hadi GB 3 kwa saa. Ndani ya bando hilo mna kodi ya asilimia 12 iliyowekwa Julai 2021.

Mke wa askari mmoja, ambaye mumewe yuko kazini Somalia, ametuandikia kwamba nyumbani kwao zalipiwa huduma tatu kwa kadi ya benki ya bwana. Mbili ziliingia kwa mwezi wa bure, watoto wakazisahau, nazo hazikuwasahau wao. Bandu bandu huisha gogo: muhula umefunguliwa na karo imepungua. Ameifuta programu katika simu, lakini makato yanaendelea. Huduma ya tatu anaogopa kuigusa, kwa sababu baba huko kambini na watoto hapa hutazama mfululizo mmoja, na Jumapili wakipigiana simu huo ndio mazungumzo yao.

Bibi, hiyo ya tatu usiiguse. Baba aliye mbali akijua mwanawe alichekea nini juma hili, fedha hiyo imefanya kazi. Ila ujiandae: kampuni zikiendelea kubana watu wa nyumba mbili kutumia akaunti moja, mtalazimika kuchagua upya, na ni heri mlizungumze mapema.

Zile mbili zifungwe leo. Kuifuta programu hakuzuii makato, kwani mkataba uko kwenye akaunti, si kwenye simu. Ingia katika akaunti yenyewe, tafuta sehemu ya malipo, uvunje usajili, kisha ungoje barua pepe ya kuthibitisha na uitunze. Kwa kuwa kadi ni ya bwana, mweleze kwa simu kabla ya taarifa ya benki kumweleza, naye aangalie mwezi ujao kama makato yamekoma. Yakiendelea, aipelekee benki yake barua hiyo ya uthibitisho na kuomba kampuni hiyo izuiwe kwenye kadi. Watoto wakilalamika, wape daftari waandike wanachotaka kutazama. Likizo ikifika, lipeni mwezi mmoja wa huduma yenye mengi katika orodha hiyo, na siku hiyo hiyo ya kulipa mvunje usajili. Kwa kawaida mtaendelea kutazama hadi mwezi uliolipiwa uishe.